Kila Mmoja Ashirikiane Peke Yake

Nchi hii ipo, tena si mbali. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa kwa sasa liko kwa mshauri mwelekezi, linaboreshwa, na serikali imetuomba wananchi tujitambulishe kwa kusema tu "sisi wa hapa". Basi sisi wa hapa hatujambo, na tunawasalimu.

Mgeni akija kwetu, jambo la kwanza analoelezwa ni kwamba nchi haina matatizo. Zamani yalikuwepo, mengi tu, lakini Bunge lilikaa likayafuta kwa kauli moja, na tangu siku ile tunazo changamoto. Dawa zikikosekana hospitalini, hiyo ni changamoto. Na changamoto haitatuliwi, inafanyiwa kazi. Jirani yangu aliwahi kumwuliza diwani wetu, "Inafanyiwa kazi na nani?" Diwani, mtu mpole sana, wala hakumfokea. Alimjibu kwamba swali hilo nalo linafanyiwa kazi.

Matatizo yenyewe tuliiachia dunia. Ndiyo maana redio ilipotangaza kwamba serikali itawawezesha wanafunzi washirikiane kutafuta suluhisho endelevu la matatizo ya dunia, tuliona ni jambo la ukarimu. Dunia ina matatizo, sisi tuna watoto. Kwa nini tusimsaidie jirani?

Mjukuu wangu Siwema alikuwa kidato cha nne. Nimemlea tangu mama yake alipofariki wakati wa kujifungua mdogo wake, na labda ndiyo sababu hakutaka kuwa kitu kingine chochote ila mkunga. Kuingia chuo cha ukunga ni lazima ufaulu mtihani wa kidato cha nne. Huo mtihani ndio tuliokuwa tukiungojea nyumbani kwetu. Kwa ajili yake nilimwondolea kazi ya kuchota maji, naye kwa huruma yake alikuwa akiamka mapema kuliko mimi na kuyachota.

Sasa, nyuma ya shule yao kulikuwa na korongo. Lilianza kama mchirizi tu, mtoto angeweza kuuruka. Siwema alipoanza kidato cha kwanza lilikuwa limekwisha kula goli moja la uwanja wa mpira. Kisha likala bustani ya walimu. Kisha likaanza kulitazama darasa la kidato cha kwanza. Serikali haikulala. Ilisimamisha kibao pembeni, chenye rangi za bendera, kimeandikwa: CHANGAMOTO HII INAFANYIWA KAZI. Kila masika korongo lilikuwa likikimeza kibao, na kila baada ya masika serikali ilileta kingine na kukisimamisha nyuma zaidi kidogo. Sijawahi kuona uvumilivu kama ule.

Watoto ndio walioharibu.

Ilikuwa hivi. Siku moja baada ya vipindi, Siwema alikuwa amekaa ukingoni na wenzake wawili, Feruzi na Tabu. Tabu alimwambia Feruzi amkingie maji ya kunawa miguu, mvua ilikuwa inanyesha. Feruzi akaweka ndoo chini ya paa, ikajaa mara moja.

"He!" akasema Feruzi. "Kumbe ni sisi."

"Sisi nini?"

"Hili korongo. Maji yote ya paa letu yanamwagikia huku. Tunalichimba wenyewe, halafu tunalilalamikia."

"Basi tuyapeleke kwingine," Siwema akasema.

"Na hili shimo lililokwisha kuchimbika?"

"Kwetu bondeni kuna matete mpaka yanatukera," Tabu akasema. "Yakishika udongo, hata ng'ombe hayang'oi."

"Maji yatayabeba kabla hayajashika. Tuweke mawe kwanza," Siwema akasema.

"Mawe utabeba wewe, mwenye kiuno cha sindano?" akauliza Tabu.

"Nitabeba na wewe, mwenye domo la debe."

Hayo niliyasikia mwenyewe, nilikuwa nimempelekea Siwema mwavuli. Wakaanza kidato cha nne peke yao, kisha wakaja wa vidato vya chini, kisha hata watoto wa shule ya msingi ya ng'ambo ya pili wakawa wanapita na vijiwe mfukoni mwa kaptula, wanaviangusha korongoni wakienda nyumbani. Jiwe kubwa walilivuta pamoja kwa kuimba. Masika yalipofika, maji yalipita taratibu kama mgeni aliyekaribishwa vizuri, yakaacha udongo, yakaenda zake. Kibao cha serikali kikabaki pale pale kimesimama, hakina pa kwenda.

*

Waziri wa Uwezeshaji, Mheshimiwa Mseleleko, alikuja shuleni kwetu kuzindua Shindano la Ushirikiano. Alichelewa hadi alasiri kwa sababu ya kazi za taifa. Watoto walimsubiri juani, na alipofika alituonea huruma sana, akasema jua ni kali, akaomba hema alimokaa yeye lisogezwe lipate upepo.

"Vijana ni taifa la kesho!" akasema. "Na kesho, kwa mujibu wa mpango mkakati, imesogezwa hadi mwaka ujao wa fedha! Lakini hatukati tamaa! Dunia inaungua, bahari inavimba, barafu inayeyuka. Nani atatatua? Ni wewe, binti uliyekaa hapo mbele! Kidole kimoja hakivunji chawa! Nasema shirikianeni!"

Tukapiga makofi. Watoto wakagawiwa kofia zilizoandikwa NIMEWEZESHWA. Hazikutosha, kwa hiyo wengine waliwezeshwa kwa zamu.

Kisha akasimama Bi Eufrasia Lugendo, Mkurugenzi kutoka Baraza la Mitihani, kwa kuwa nchini kwetu shindano lolote la wanafunzi husimamiwa na Baraza ili lisivuje. Bi Eufrasia ni mama wa sauti ya chini, mwenye miwani ya kamba, na ukimwona utapenda awe shemeji yako. Akasoma masharti.

"Kila mmoja ashirikiane peke yake," akasema. "Meza ziachane mita moja na nusu. Hakuna kutazama kushoto wala kulia wakati wa kushirikiana. Atakayebainika kushirikiana na mwenzake, ushirikiano wake utafutwa, na hataruhusiwa kufanya mtihani wa taifa wa kidato cha nne."

Tabu akanyoosha mkono. "Samahani, mama. Tunashirikiana na nani?"

"Swali zuri," Bi Eufrasia akatabasamu. "Utashirikiana na karatasi."

Swali lilikuwa moja: Eleza namna ulivyoshirikiana na wenzako kutatua tatizo la dunia. Watoto wakaandika kuhusu korongo, maana ndilo walilolijua. Waliandika juu ya maji ya paa, mawe na matete. Wengine hata walieleza ule wimbo.

Mnaweza kukisia. Majibu yalifanana. Baraza likatangaza kwamba limegundua udanganyifu wa kiwango ambacho halijapata kukiona tangu kuundwa kwake: darasa zima, isipokuwa kijana mmoja aitwaye Yusto, lilikuwa na jibu lile lile. Yusto aliandika juu ya barafu. Siku za korongo alikuwa mgonjwa wa matumbwitumbwi.

*

Kamati ya uchunguzi ilikaa darasani mwa kidato cha kwanza, lile ambalo korongo halikulila. Wazazi tuliruhusiwa kuhudhuria bila kusema. Bi Eufrasia aliponiona nimesimama, alitoa mto wa kiti chake mwenyewe akaniletea. "Keti, mama," akasema, "hili huenda likachukua muda." Nilikaa juu ya mto wake nikamsikiliza akimhoji mjukuu wangu.

"Siwema, wazo hili la korongo lilikuwa la nani?"

"Letu, mama."

"Haliwezi kuwa lenu. Wazo hutoka katika kichwa kimoja, wengine wanaiba. Nani aliibiwa?"

Feruzi akasema, "Mimi niliona paa. Lakini niliona kwa sababu Tabu alinituma maji."

"Kwa hiyo ni Tabu."

"Mimi nilitaka kunawa miguu tu!" Tabu akasema.

Mjumbe mmoja wa kamati, mwanamume aliyekuwa akila karanga, akauliza, "Na hilo suluhisho lenu, ni endelevu?"

"Limefaulu, Mheshimiwa," akajibu Siwema. "Korongo limekwisha."

"Limekwisha?" Yule mjumbe akaacha karanga. "Mkurugenzi, umesikia? Limekwisha! Suluhisho endelevu ni lile linaloendelea. Likikwisha si endelevu, ni la mara moja."

"Tena korongo liko hapa kwetu," akaongeza Bi Eufrasia kwa masikitiko. "Kwa hiyo halikuwa tatizo la dunia. Lilikuwa changamoto. Lilikuwa na kibao chake, linafanyiwa kazi. Nyinyi mmeingilia kazi." Akavua miwani. "Wanangu, mimi ni mzazi. Sipendi kuona kijana anakosa mtihani. Nitajieni mmoja tu aliyelianza wazo. Huyo atafutiwa mtihani kwa kuvujisha, ninyi wengine mtafanya mtihani wenu kama kawaida. Siwema, wewe nasikia unataka ukunga. Sema tu jina."

Siwema akageuka akanitazama. Ukweli ni kwamba nilitamani aseme jina lolote, hata langu, maana ni mimi niliyepeleka mwavuli. Nikakumbuka nimekatazwa kusema, nikanyamaza.

"Mama," akasema Siwema, "nikitaja mmoja nitakuwa nimedanganya. Na hapa tumeitwa kwa ajili ya udanganyifu."

Askari wa mlangoni akacheka, akajifanya anakohoa. Mwenzake akampigapiga mgongoni kwa upole.

Bi Eufrasia alifikiri. Mwisho akasema kwamba Baraza halina roho mbaya. Litawapa nafasi ya pili, safari hii kwa vitendo: kila mtahiniwa atibu korongo peke yake, mbele ya msimamizi. Atakayeweza, mtihani wa taifa ataufanya.

"Lakini korongo ni moja, Mkurugenzi," mwalimu mkuu akasema, "na lenyewe limepona."

"Serikali," akajibu Bi Eufrasia, "haijawahi kushindwa na makorongo."

*

Wiki iliyofuata likaja katapila. Tangu shule ijengwe tulikuwa tukiomba katapila lije kusawazisha barabara, na tulikuwa tumeambiwa halipo. Sasa lilikuwepo, jipya, la njano. Dereva wake alikuwa kijana mwungwana. Aliuliza watoto wanapenda kucheza wapi ili apaepuke, akaonyeshwa mchoro unaosema achimbe hapo hapo, akasikitika, akachimba.

Uwanja wa mpira ulipasuliwa makorongo, moja kwa kila mtahiniwa, kila moja na namba yake na kibao chake. Kati ya moja na jingine liliachwa tuta jembamba la kupitia msimamizi. Yote yalielekea chini, upande wa darasa la kidato cha kwanza, kwa kuwa mchoro ulichorwa makao makuu, na kule makao makuu ni tambarare.

Siku ya mtihani wazazi tuliwekwa nyuma ya kamba. Msimamizi alikuwa Bwana Mtandi, mwalimu mwembamba, mwenye shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Alipita akiwaamkia watoto mmoja mmoja, akimwuliza kila mmoja kama amekunywa chai. Wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya shule. Akatazama saa, akasema kwa sauti ya kutangaza:

"Hakuna kusaidiana. Anzeni kushirikiana!"

Watoto wakateremka, kila mmoja shimoni kwake, na jembe lake. Mawe yalikuwa yameletwa na serikali, makubwa, ambayo mtu mmoja hawezi hata kuyatikisa. Siwema alizunguka jiwe lake kama anayetafuta mlango. Katika shimo la pili Feruzi alikuwa akilisukuma la kwake kwa mgongo. Kila mmoja alimsikia mwenzake akihema, na hakuna aliyegeuka. Yusto naye alikuwemo, shimo la mwisho, ingawa hakushtakiwa, ili awe wa kulinganishwa.

Ndipo mvua ikaja.

Maji hayakuwa yamesoma masharti. Yalianza kushirikiana papo hapo. Ya shimo hili yakayaita ya shimo lile, matuta yakalainika, na kabla hatujafungua miavuli uwanja ulikuwa umeanza kusogea. Watoto walipanda juu ya mawe yao. Bwana Mtandi alikuwa katikati ya tuta, anahakikisha hakuna anayetazama kushoto. Tuta likakatika. Akateleza hadi shimoni, matope yakamshika magoti, kisha kiuno.

"Endeleeni!" akapaza sauti. "Kila mtu na korongo lake!"

Maji yakamfika kifuani.

"Endeleeni kwa utulivu! Bado kuna muda wa kutosha!"

Yakamfika kwapani. Sisi wazazi tukaikimbilia kamba, askari wakatuzuia, wakisema kwa adabu kwamba hakuna mtu asiye mtahiniwa anayeruhusiwa kuingia chumba cha mtihani. Tukawaambia chumba chenyewe kinazama. Wakasema wataulizia.

"Jamani," akasema Bwana Mtandi, na sauti yake haikuwa tena ya msimamizi. "Jamani, mimi nina watoto."

Siwema alikuwa amesimama juu ya jiwe lake. Nilimwona akitazama juu, kwenye meza ya Bi Eufrasia, kisha akamtazama Bwana Mtandi. Alijua gharama. Sote tulijua. Nikafumba macho, na nilipoyafumbua alikuwa ameshateremka.

"Feruzi, lete mpini! Tabu, nishike kiuno!"

"Kile cha sindano?"

"Nishike, bwana!"

Wakaja wote. Walitoka mashimoni mwao kama siafu, wakashikana mnyororo, wakaimba ule wimbo wao wa mawe, wakavuta. Yusto pekee hakuja. Baba yake alikuwa pembeni yangu, anapiga kelele, "Yusto, usitoke! Ukitoka usirudi kwangu!" Yule mtoto alibaki juu ya jiwe lake amekumbatia jembe. Mvua ilikuwa nyingi, lakini mtu aliyelea watoto huyajua machozi hata kwenye mvua.

Bwana Mtandi akatoka kwa kishindo, akawaangukia. Akalala kifudifudi akihema. Kisha akakaa.

"Asanteni, wanangu," akasema. "Mungu awape maisha marefu. Mmeniokoa." Akajifuta uso kwa kitambaa cha Siwema, akatoa kalamu mfukoni. "Sasa naombeni majina yenu. Wote mlioshirikiana."

Sitaki mumfikirie vibaya. Alikuwa mwangalifu mno. Jina la Feruzi aliliuliza mara mbili, asije akaandika Feruz na kumwonea mtu mwingine. Askari wakati huo walikuwa wameruhusiwa kuturuhusu, nami nilisogea nikamshikia mwavuli, ili karatasi isilowe.

*

Darasa zima likafutiwa mtihani wa kidato cha nne. Bi Eufrasia aliniandalia kiti ofisini kwake aniambie mwenyewe, na alitoa leso mapema kabla hajasema neno, nikajua.

Aliyefaulu ni Yusto. Kwa kuwa ndiye mwanafunzi pekee nchini aliyeshirikiana kwa kufuata masharti, serikali ilimpeleka ng'ambo kwenye mkutano mkuu wa vijana wa dunia, akaeleze siri ya ushirikiano. Alikuja kutuaga. Hakuweza kututazama. Siwema akalichukua shati lake la safari, akalipiga pasi, akamfunga tai, akamwambia, "Ukifika huko kula vizuri."

Aliporudi alitusimulia. Alipandishwa jukwaani mbele ya mataifa, akasema kwa Kiswahili chetu, "Wenzangu walimtoa mtu matopeni, mimi nilikatazwa, na nasikia aibu." Mkalimani, ambaye ni mtumishi wa wizara, akatafsiri kwamba anashukuru kwa nafasi hii adhimu. Wakasimama wote wakampigia makofi.

Wiki ya mtihani wa taifa ilipita. Yusto aliufanya peke yake katika ukumbi mzima, na wasimamizi walitosha. Jumamosi yake Siwema akavaa sare, ingawa hakuwa tena na ruhusa ya kuivaa, akachukua jembe. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Darasa la kidato cha kwanza, bibi. Makorongo yao yote yameelekea kule. Masika mengine halitakuwepo."

"Na wewe mtihani wako?"

"Nitasubiri mwakani." Akainama afunge kamba za viatu muda mrefu kuliko kamba zinavyotaka. "Watoto wa kidato cha kwanza hawana kosa."

Nikamfuata na uji. Tulikuta wenzake wameshafika, Yusto akiwa wa kwanza kabisa, na mikono yake ilikuwa imeshatoka malengelenge. Walikuwa wakihangaika na jiwe kubwa kuliko yote, wanalisogeza kidogo linarudi, wakati mtu mmoja alipotokea nyuma ya vyoo. Alikuwa amevaa kaptula kuukuu na kofia aliyoishusha mpaka machoni. Bwana Mtandi. Kumsaidia mwanafunzi aliyefutiwa mtihani ni kosa la kufukuzwa kazi, na yeye alilijua hilo kuliko sote, maana ndiye aliyekuwa akilisoma kwa sauti kila mwaka.

Watoto wakaacha jiwe. Tabu akakunja mikono. Yule mtu akatazama huku na huku, akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni.

"Mimi sipo hapa," akasema kwa sauti ya chini. "Niko safari ya kikazi."

Siwema alimtazama kwa muda, yule aliyeliandika jina lake bila kukosea hata herufi.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Basi wewe usiyekuwepo, shika upande ule. Jiwe hili ni zito."